Mwandiko wa Asubuhi

1 Februari

Mdogo wangu,

Barua yako ya mwezi uliopita niliiweka chini ya lenzi kabla sijasoma hata salamu. Ndivyo alivyonifundisha Mama: mwandiko kwanza, maneno baadaye. Maneno hutoka kwenye ulimi, na ulimi hauna mfupa. Mkono hauwezi kusema uongo.

Na mkono wako umesema. Mikia ya herufi g imevunjikavunjika kama nyufa za bakuli. Neno "nyumbani" limepanda mlima, likateleza, likaishia nje ya mstari. Herufi o hakuna hata moja uliyoifunga. Mtu aliyeandika vibao vya maduka kwa miaka thelathini, mtu ambaye wateja wanamwita Rula kwa sababu hahitaji rula, leo anaandika kama kuku aliyekanyaga wino! Unaniona mimi mtoto?

Baba alianza kunywa akiwa na miaka arobaini na minne. Mimi nilikuwa na kumi, wewe ulikuwa na miwili, hukuona kitu. Sasa una hamsini na mitatu. Umemshinda kwa miaka tisa, usijisifu. Damu ina saa yake. Mtoto wa nyoka ni nyoka, na mtoto wa mlevi, hata akichelewa, amechelewa tu.

Labda umesahau, nikukumbushe. Baba alikuwa akisafiri miji ya watu kuandika vibao, na Mama akizisubiri barua zake. Barua ikija imenyooka, Mama alicheka, akaibandika ukutani juu ya meza ya chakula, ili sote tujue kwamba wiki hiyo baba yetu alikuwa mtu. Barua ikija imepinda, hakuisoma. Aliikunja, akaitia kwenye sanduku la bati, akamjibu kwa mstari mmoja: "Nimeuona mkono wako." Basi. Wala salamu.

Mama alipofariki nilirithi lenzi, sanduku, na wewe. Ndiyo maana kila tarehe mosi unaniandikia kwa mkono. Simu haina mwandiko.

Na usiniulize kwa nini mimi napiga taipu. Nilikwambia: niliteleza kwenye kizingiti cha bafu, mkono wa kulia ukateguka, na mpaka leo una bendeji. Saini natumia mhuri wangu wa ukaguzi.

Niambie ukweli. Unakunywa nini, tangu lini, na mkeo anajua?

Dada yako
(saini ya mhuri)


7 Februari

Dada mpendwa, shikamoo.

Sijanywa. Ningekuwa na neno zito kuliko hilo ningelitumia. Sijanywa jana, wala juzi, wala siku ya harusi yangu, shemeji zangu waliponizunguka na glasi wakisema bwana harusi gani huyu anakunywa maji kama ng'ombe. Nilikuwa na miaka kumi na minne tulipomuosha Baba. Mimi nilishika mguu wake wa kushoto, ulikuwa mwepesi kama ufagio, nikaapa hapo hapo. Unajua. Ulikuwa umeshika wa kulia.

Ni kweli mkono unatetemeka. Ulianza na kikombe. Kikombe kinagonga sahani, mke wangu ananitania, "Mzee, unabisha hodi kwa nani?" Kikafuata kifungo cha shati. Kikafuata kijiko cha supu, ambacho siku hizi kinafika mdomoni na harufu tu. Jambo la ajabu ni kwamba nikiuweka mkono mezani unatulia kama paka aliyeshiba. Nikiunyanyua kufanya kazi, ndipo unapoanza. Ulevi gani huo unaolala mkono ukilala? Nadhani ni umri.

Sasa nisikilize, maana hili ndilo linalonisumbua. Chuo cha ualimu kimeleta karakanani kazi ya ubao wa ukumbi: majina mia mbili na kumi na mawili ya walimu waliofundisha pale tangu mwanzo, kwa rangi ya dhahabu, kwa mkono. Hawataki mashine. Bosi alisema mbele ya wote, "Hii ni ya Rula." Dada, karakana nzima nimebaki mimi peke yangu ninayeandika kwa brashi. Wenzangu wote wanakata herufi za plastiki kwa kompyuta. Nikiuweza ubao huu nina nafasi yangu mpaka nizeeke. Nikishindwa, bosi hana sababu ya kuniweka pale kama pambo la mlangoni.

Nimeanza. Nakishika kifundo cha mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, naegemeza mkono kwenye fimbo ya kuandikia, napumua kati ya herufi na herufi. Siku tatu, majina sita. Zamani ningemaliza thelathini.

Usinikasirikie. Na pole na mkono wako. Unachelewa kupona huo; mwambie daktari.

Mdogo wako,
Rula


13 Februari

Rula (jina zuri, sijui utalibeba mpaka lini),

Barua nzima umenieleza habari za kikombe, kifungo, kijiko na paka. Shahidi mkweli hujibu kwa neno moja. Mwenye kuficha hupamba.

Nimekagua shule kwa miaka thelathini na mmoja. Nimeketi mbele ya wakuu wa shule walioapa kwa vichwa vya watoto wao huku harufu ikiwatoka mpaka kwenye daftari la mahudhurio. Wote walikuwa na "umri". Wote walikuwa na "uchovu". Mmoja alikuwa na "jino". Nimewafukuzisha kazi na sikupoteza usingizi.

Na wewe unataka kunifundisha mimi habari za mikono? Nilikuwa na miaka minane nikisimama juu ya kreti, namshikia Baba kiwiko ili mstari usipinde. Mimi ndiye niliyekuwa fimbo yake ya kuegemea, kabla wewe hujatoka tumboni. Usiniambie kitu.

Wala usiniletee ile hoja ya wajinga kwamba dada naye anakunywa. Ndiyo, nakunywa. Glasi moja ya divai, mezani, na chakula cha jioni, tangu nina miaka thelathini. Moja. Pombe si dhambi. Dhambi ni kutoijua mipaka, na sisi watoto wa yule mtu tumegawanyika mafungu mawili: anayeijua mipaka, na wewe. Miaka yote umejifungia ndani kama mtu anayeogopa mbwa. Sasa mbwa ameruka ukuta, unaniambia ni paka.

Nimemwandikia bosi wako. Kaa chini, usishtuke. Nimemweleza kwa heshima historia ya familia yetu, kazi aliyoifanya Baba na jinsi alivyoimaliza, nikamwomba akuangalie kwa karibu kabla hajakukabidhi ukuta wa chuo ambacho mimi mwenyewe nilikikagua. Majina ya walimu si mchezo. Kama unaniona mkatili, kumbuka kuwa anayekata kidole kilichooza huonekana mkatili mpaka mkono upone.

Dada yako
(saini ya mhuri)


22 Februari

Dada,

Barua yako kwa bosi ilifika kabla ya yangu. Hongera kwa posta.

Jumanne saa nne bosi aliniita katikati ya karakana, akazima redio. Akasema, "Rula, fungua mdomo." Nilidhani anatania. "Fungua mdomo." Nikafungua. Alininusa, Dada. Alininusa kama nyama ya juzi, kushoto na kulia, watu wamesimama na mikasi mikononi. Hakupata kitu. Akanipa kopo la rangi ya dhahabu, limejaa, akasema, "Libebe mpaka mlangoni."

Lilianza kumwagika hatua ya nne.

Fundi mmoja wa plastiki akasema, "Leo Rula anapaka na sakafu." Wakacheka. Hata mimi nilicheka, sijui kwa nini.

Bosi akasema, "Niamini nini, pua yangu au mkono wako? Na dada yako ni mtu mzima, hawezi kumzulia ndugu yake." Ameniondoa kwenye ubao. Amenipa mpaka tarehe tano Machi nilete karatasi ya daktari.

Kwa daktari nimekwenda. Mzee mmoja mwenye haraka. Aliuliza swali moja tu la maana: "Kwenu kuna mtu mwingine aliyetetemeka mikono?" Nikasema Baba. "Kwa sababu gani?" Nikajibu kama nilivyofundishwa: pombe. Akaweka kalamu chini. "Na wewe?" Sijawahi hata kuonja, nikasema. Akanitazama vile unavyonitazama wewe. Kisha akaandika. Nilisoma maandishi yake kichwa chini miguu juu, ndiyo faida ya kazi yangu: "Mtoto wa mlevi. Anakana."

Ndiyo karatasi niliyonayo. Niipeleke wapi?

Wewe, bosi na daktari mko watatu. Mimi ni mmoja. Mtu akiitwa mwizi na watu watatu, huanza kujipapasa mifuko.

Rula


28 Februari

Mdogo wangu,

Kwa hiyo daktari naye ameona. Sasa tumebaki tukimsubiri mmoja tu akubali.

Machi usiniandikie, sitaki tena habari za sakafu. Niandikie tarehe mosi Aprili. Sitaki maelezo siku hiyo. Nataka mkono.

Dada yako
(saini ya mhuri)


1 Aprili

Dada yangu, shikamoo sana!

Tazama. Karatasi hii haina mistari na sikuchora mstari wa penseli. Weka rula chini ya maneno yoyote unayotaka. Weka na lenzi, weka na miwani yako ya ukaguzi, mwite jirani naye aangalie.

Bosi alinijaribu tarehe tano kwa jina moja, refu kuliko yote kwenye orodha, na nikaliandika kwa pumzi moja. Hata karatasi ya daktari hakuiulizia. Alisema, "Haya, ulikuwa wapi?" Sasa majina sitini na nane yamekwisha. Yule fundi wa plastiki aliyenicheka amekuja kuniomba nimwandikie jina la mkewe mlangoni, na nimemwambia apange foleni.

Mimi sina neno. Asubuhi naamka na baridi kidogo, saa tatu baridi inaondoka, nafanya kazi mpaka saa nane, halafu nalala. Mke wangu ananuna, lakini kununa ni haki yake. Nilikuwa nimesahau raha ya kuandika S. Ukiitazama vizuri, S ni mtu anayecheza.

Nilikuwa nimebeba mambo mengi bure, Dada.

Mdogo wako,
Rula (na safari hii jina ni langu)


6 Aprili

Mdogo wangu mpendwa,

Nimeibandika ukutani. Juu ya meza ya chakula, pale pale Mama angeibandika. Nilisimama mbele yake na lenzi, mimi mwanamke wa miaka sitini na mmoja, nikajikuta nacheka peke yangu kama yeye. Ile g yako! Mkia wake umeshuka na kupanda kama kamba iliyofundishwa adabu. Huo ndio mkono wa mtu safi.

Sasa sema: nani alikuwa na haki? Ungenisikiliza Februari usingemwaga rangi ya watu. Lakini sisemi zaidi. Uliacha, na kuacha si mchezo. Baba hakuweza kuacha kwa zaidi ya wiki mbili tatu, barua zake zilikuwa zikinyooka na kupinda kama msimu. Wewe una kitu ambacho yeye hakuwa nacho. Una mimi.

Habari zangu si mbaya. Kile kizingiti kimenikamata tena, safari hii bega. Daktari wa mifupa, kijana ambaye ndevu zake bado zinaomba ruhusa, ameniuliza nakunywa kiasi gani. Nikamwambia glasi moja, tangu kabla hajazaliwa. Akanijibu eti mwili wa miaka sitini hauibebi glasi kama mwili wa miaka thelathini, kwamba ile ile moja sasa ni mbili. Nikamwambia ajifunze hesabu. Watu wanafundishwa nini siku hizi?

Endelea hivyo hivyo. Usibadilishe kitu.

Dada yako anayekupenda
(saini ya mhuri)


1 Mei

Dada yangu, Dada yangu,

Nadhani hii ni barua ya tatu leo, mbili sijui nimeziweka wapi. Umesema nisibadilishe kitu, na mimi sijabadilisha. Majina mia moja arobaini na moja. Jina moja nimeliandika mara mbili, lakini limenyooka mara zote mbili, na bosi hajaona.

Umebandika barua yangu ukutani. Nimemsomea mke wangu sehemu hiyo, akatoka nje. Mimi nilicheka mpaka mbavu zikauma. Ukutani! Baba naye alikuwa akicheka hivi, unafikiri, kule hotelini kwake, akipata barua ya Mama ya kumsifu?

Nakupenda, Dada. Sijui kama nimewahi kukuandikia neno hilo. Tazama lilivyonyooka.

Rula


14 Mei

Wifi, salamu.

Sijawahi kukuandikia na mwandiko wangu ni mbaya. Uweke chini ya lenzi ukitaka.

Mume wangu analewa. Alianza tarehe tatu Machi, saa kumi na moja jioni, na mimi nilikuwepo. Alirudi na karatasi ya daktari mfukoni na chupa ndogo ya pombe kali mkononi. Akasema, "Nimehukumiwa kwa kuku ambaye sijamla. Leo namla." Akamimina kwenye kikombe, nusu ikamwagika mezani kwa kutetemeka. Akanywa iliyobaki, akakunja uso kama mtoto aliyepewa dawa. Nilikuwa nimeshaanza kulia.

Baada ya nusu saa hivi akasema, "Mke wangu, tazama." Alikuwa ameunyanyua mkono. Ulikuwa umetulia. Akachukua penseli, akachora mstari ukutani, kutoka mlangoni mpaka dirishani, bila rula wala fimbo. Upo mpaka leo, sijaufuta, na umenyooka. Kisha mtu mzima akakaa sakafuni akaniambia, "Kumbe Baba alikuwa anatafuta hiki."

Unanielewa, wifi? Barua uliyoibandika ukutani ni ya mlevi. Barua za Januari na Februari, zile ulizozitukana, ni za mtu ambaye hajawahi kuonja. Wewe na mama mkwe mmeshika lenzi miaka yote hiyo, mkasoma kinyume.

Mwanzo kilikuwa kikombe kimoja. Lakini mwili uliokutana na pombe ukiwa na miaka hamsini na mitatu hauna ujanja wa kupambana nayo. Kufika Aprili ilikuwa chupa nzima, na asubuhi mkono unatetemeka mara mbili ya zamani mpaka apate ya kuzimua. Juzi, kwenye jina la mia moja na tisini, alianguka kutoka juu ya ngazi. Mbavu mbili zimevunjika. Bosi aliinama akamnusa akiwa bado chini, na safari hii pua ikapata. "Dada yake alituambia mapema," akasema, na wenzake wote wakatikisa vichwa. Wamemfukuza. Majina yaliyobaki wameyabandika ya plastiki.

Hospitali tumekutana na daktari mwingine, mwanamke mwenye subira. Anasema upo utetemekaji unaorithiwa katika familia, unaozidi na umri. Pombe huutuliza kwa saa chache, kisha huurudisha na nguvu zaidi. Una vidonge vyake. Lakini kabla hajaandika chochote anataka kujua jambo moja: baba mkwe alitetemeka kabla ya kunywa, au baada? Mume wangu hawezi kujua, alikuwa mtoto wa miaka miwili. Mama mkwe hayupo. Umebaki wewe.

Na mimi nimeisoma barua yako ya Februari. Ulikuwa na miaka minane ukimshikia baba yako kiwiko ili mstari usipinde. Kwa maneno yako mwenyewe, alianza kunywa ukiwa na kumi. Kiwiko kilishikwa kwa sababu gani?

Fungua sanduku la bati. Safari hii soma maneno. Kisha andika ulichokiona ukiwa mtoto, utie saini kwa mkono wako. Daktari amesema mhuri si mtu. Itume kwa rejista isipotee. Bosi amekubali kusoma maandishi ya daktari. Ndiyo njia pekee iliyobaki ya mume wangu kurudi kwenye kazi yake.

Sikuombi msamaha wako wala sikupi wangu. Nakuomba ukweli.

Wifi yako


23 Mei, jioni

Kwa daktari, kupitia kwa wifi yangu,

Nimefungua sanduku. Barua zilizopinda ni ishirini na tatu na zote zinasema jambo moja. "Mke wangu, leo siku ya tisa sijaonja, niamini." "Leo siku ya kumi na mbili." "Leo siku ya kumi na saba, mkono unanisumbua lakini roho iko safi." Mtu anayeapa hivyo huku maneno yake yanayumba ni mwongo kwa maandishi, na aliandika uongo huo mara ishirini na tatu. Barua zilizonyooka hazitaji pombe hata kidogo. Mwenye akili ataelewa.

Kuhusu kiwiko: nilikosea umri. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Mzee hukosea miaka. Baba yetu alitetemeka kwa sababu alikunywa. Kabla ya kunywa alikuwa na mkono kama wa mtu yeyote, na hakuna mwingine katika familia yetu anayetetemeka.

Nawe, wifi, fikiri unachoniomba. Kama hayo unayosema ni kweli, basi Mama alimpigia makofi kila alipolewa, na akamtupa kila alipoacha. Basi aliyemuua Baba si chupa. Alikuwa mwanamke aliyefua, akapika, akatulea wawili kwa mikono yake, na akafa akiamini amepigana vita vya haki. Sitaweka saini yangu chini ya jambo kama hilo, hata ndugu yangu akose kazi. Kazi hupatikana. Mama hapatikani.

Ninatia saini kwa mkono wangu, kama mlivyotaka.

(saini ya mkono)


1 Juni

Dada, shikamoo.

Barua hii imepinda. Leo siku ya ishirini sijaonja.

Maandishi yako yamefika. Mke wangu aliyasoma amesimama, akayatupa, akatoka. Mimi niliyaokota, nikaitazama saini. Nzuri sana, Dada. Imenyooka kama uzi wa fundi mwashi. Nikasema basi, ni kweli, yeye hana ugonjwa huu, ni mimi tu.

Kisha nikaiona bahasha.

Barua ya rejista, mtumaji huijaza mwenyewe mbele ya karani, tena kwa kalamu. Hakuna taipu pale dirishani. Mhuri wa posta unasema tarehe ishirini na nne, saa tatu na robo asubuhi. Nilitoa lenzi yangu ya kazini. Mikia ya herufi g imevunjikavunjika kama nyufa za bakuli. Jina la mtaa wangu limepanda mlima, likateleza, likaishia nje ya mstari. Herufi o hakuna hata moja uliyoifunga. Maneno hayo ni yako, nimeyakopi tu.

Ndani umenyooka, nje umetetemeka. Jioni na asubuhi yake, mkono ule ule. Bendeji haichagui saa, Dada. Tangu lini unapiga taipu? Nimerudi kwenye barua zako zote: ni mwaka wa tatu sasa, na kuanguka kwa kwanza ni mwaka jana.

Nilimpelekea daktari vyote viwili, bahasha na saini. Aliviweka mezani bega kwa bega. Akauliza, "Ana miaka mingapi?" Sitini na mmoja. "Anakunywa?" Glasi moja, nikasema, na chakula cha jioni. Hakucheka. "Anaanguka?" Nikakumbuka kizingiti. Basi akaandika alichotaka kuandika, hakuhitaji tena kiwiko cha Baba. Vidonge nimeanza. Vinasaidia kidogo, kama unavyoona hapa. S sijaweza.

Bosi aliyasoma maandishi ya daktari mpaka mwisho, akayakunja vizuri, akanirudishia. "Ugonjwa naukubali," akasema. "Lakini chupa niliinusa mwenyewe." Mwezi wa pili alininusa nikiwa msafi akaniona mchafu. Mwezi wa tano alikuwa na haki. Siandiki tena vibao. Nilipita chuoni kuutazama ubao. Majina mia moja tisini ya dhahabu, mazuri sana, yote ya mlevi ila sita. Yale sita yamepinda kidogo. Ukipita, hayo ndiyo yangu.

Barua ishirini na tatu za Baba nitakuja kuzichukua. Nitazibandika ukutani kwangu, chini ya ule mstari wa penseli. Bahasha yako tayari ipo hapo.

Na kuanzia mwezi ujao, kila tarehe mosi utaniandikia. Kwa mkono. Asubuhi, kabla ya glasi. Maneno weka yoyote unayotaka, sitayasoma kwanza.

Nimeuona mkono wako.

Mdogo wako